Shangazi, nimeficha fomu ya utafiti ya baba

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu, maana hii kitu ni wiki ya tatu sasa inanikosesha usingizi na sina wa kumwambia. Mimi ni mtoto wa kwanza, tuko wanne, nina miaka 41. Baba ana 67. Alikuwa fundi cherehani, ametulea na kutusomesha kwa sindano na uzi, na miaka miwili iliyopita akaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson.

Ulianzia mkono wa kulia. Yuko zake ametulia anasikiliza taarifa ya habari, kidole gumba na cha shahada vinaanza kusuguana vyenyewe kama mtu anasokota ncha ya uzi aipenyeze kwenye tundu la sindano, na sisi tukawa tunasema mzee hata akipumzika anashona. Laiti tungejua. Baadae uzi wenyewe ukawa hauingii, mkasi ukawa mzito, akaacha kazi. Sasa hivi vifungo vya shati lake mwenyewe vinamchukua robo saa, sauti imeshuka, uso umekaza mpaka wajukuu wanauliza babu kakasirika nini. Dawa zinamsaidia, siwezi kusema uongo, akimeza asubuhi baada ya muda unamuona anafunguka.

Sasa huko kliniki wakamwambia kuna watafiti wanatafuta watu wenye Parkinson wa kujitolea. Watamfuatilia miaka kadhaa, wanachukua damu, wanapima kunusa, kutembea, kumbukumbu, wanapiga picha za kichwa, na kwa atakayekubali wanachoma sindano mgongoni watoe maji ya uti wa mgongo. Uti wa mgongo Shangazi! Alafu wakasema huko mbele kukiwa na dawa mpya ya kujaribu atakaribishwa, ila wengine watapewa dawa na wengine kidonge kisicho na kitu ndani, na hakuna anayeambiwa kapata kipi.

Baba karudi na fomu kurasa 14 kwenye bahasha ya kaki, ana furaha ambayo sijaiona tangu afunike cherehani. Akasema, "Mikono haishoni tena lakini damu bado ninayo, acha nayo ifanye kazi."

Mi nilikasirika. Nikamwambia baba hao wanatafuta watu wa kuwafanyia majaribio, ukipata shida wao wataandika kwenye daftari waite mwingine, sisi ndio tutabaki na wewe. Mdogo wangu wa kiume yuko upande mwingine kabisa, anasema nikimzuia mzee namnyima kupona, eti hizo dawa mpya zinaponya kabisa ila tu hazijatoka. Tumegombana kwenye grupu la familia mpaka mtu kajitoa.

Sasa kosa langu. Usiku mmoja nilifungua ile bahasha nikakuta baba ameshasaini, na ile sahihi ndio iliniumiza kuliko yote. Zamani alikuwa na sahihi pana yenye mkia, kila mteja anaijua. Sasa herufi ya kwanza inaonekana, ya pili ndogo, zinaendelea kupungua hivo hivo mpaka mwisho ni kama sisimizi wamejipanga. Nikaichukua bahasha nikaificha kabatini kwangu chini ya mashuka. Baba anaitafuta mpaka leo. Amepekua droo zote, akaniuliza "mwanangu, hujaiona bahasha yangu?" nikasema sijaiona. Juzi nikamsikia anamwambia mama, "Sasa hata kumbukumbu inaniacha."

Na la mwisho, wale watafiti wanataka pia watu ambao hawaumwi, na baba alikuwa ameshaniandika jina. Mimi sina ugonjwa, wananitakia nini? Na wakipima jeni zangu wakaniambia na mimi unanisubiri, nitaishije?

Je nina haki ya kumzuia? Hiyo sindano haitamlemaza? Na mimi niende au nisiende?

Mtoto wa Fundi

---

Marahaba mwanangu,

Bahasha irudishe leo. Kama baba yuko hapo nyumbani weka simu chini umpelekee, mengine utakuja kuyasoma. Naanza na hilo kwa sababu mtu mwenye Parkinson kila asubuhi anajikagua, leo nimepoteza nini, na wewe bila kukusudia umemfanya aamini amepoteza kitu ambacho bado anacho. Hilo haliwezi kusubiri. Mwambie ukweli mfupi, "Baba niliificha mimi, niliogopa." Atakasirika, na ana haki, lakini atalala akijua kichwa chake ni kizima.

Sasa woga wako. Sitakwambia huna sababu ya kuogopa, maana sababu zipo na zina tarehe. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa na watafiti wa serikali miaka 40, hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipojulikana kwamba inatibu hawakupewa. Kwahiyo anayesema "watu watafanyiwa majaribio kama si watu" hatungi hadithi. Ila mwanangu, ni kutokana na uchungu wa aina hiyo, na wa vita kuu ya pili, ndio zikaja sheria na miongozo tuliyonayo, kama azimio la Helsinki lililoanza 1964 na kuboreshwa baadae, kwamba mtu aelezwe, aridhie mwenyewe, na utafiti upitiwe kwanza na kamati ya maadili. Zile kurasa 14 ulizozificha chini ya mashuka ndio ulinzi wenyewe wa baba yako. Humo ndimo imeandikwa watamfanyia nini, hatari ni zipi, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Kama hicho kipengele cha kujitoa hakimo, hapo niite mimi mwenyewe nije nimshike mkono asiende.

Kuhusu haki ya kumzuia, huna. Baba ana akili timamu, amesoma, ameuliza, amesaini. Ulichonacho ni haki ya mtoto, kukaa nae, kuuliza maswali magumu na kumsindikiza, na hiyo ni kubwa kuliko unavyofikiri.

Nakuambia kwa sababu nilimsindikiza kaka yangu, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa na Parkinson miaka 13 na alijitolea kwenye tafiti mbili. Ile siku ya kwanza walimtaka aende bila kumeza dawa tangu usiku, wauone ugonjwa wenyewe bila kufunikwa na dawa, na hili lilikuwa limeandikwa kwenye fomu lakini hakuna aliyekaa na sisi akatueleza asubuhi yake itakuwaje. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anashindwa kunyanyuka, soksi moja imevaliwa nusu, jasho linamtoka, ananiangalia tu. Nilimvalisha viatu mwenyewe nikafunga kamba, tukafika tumechelewa, na yule aliyetupokea akatugombeza kwa kuchelewa. Niliumia sana siku ile. Ndio maana swali la kwanza utakalouliza liwe kuhusu dozi ya asubuhi, je atatakiwa kuiacha, nani atatuma usafiri, dawa anazibeba mfukoni, na atameza saa ngapi kipimo kikiisha. Na jamani hii isieleweke vibaya, mtu asijiachishe dawa za Parkinson mwenyewe nyumbani, kuziacha ghafla kunaweza kuleta hatari kubwa, kunafanywa kwa maelekezo ya daktari anayemjua basi.

Vipimo vyenyewe nilivyoviona havikuwa vya kutisha. Mtu anagonganisha kidole gumba na cha shahada mara kumi kwa haraka, anafumba na kufumbua kiganja, anapigapiga kisigino chini, anatembea, anageuka, anarudi. Halafu kuna kile ambacho mtaalamu anasimama nyuma yake anamvuta mabega ghafla, wanahesabu amerudi hatua ngapi kabla hajasimama imara, na wanamdaka asianguke. Kaka alirudi hatua tano. Kwenye kile cha vidole alianza vizuri, kufika mara ya sita vidole havifunguki tena, vinakutana vidogo vidogo kama vimechoka, na ukitaka kujua sahihi ya baba imefanya nini jibu ndio hilo, kila mwendo unaofuata ni mdogo kuliko uliopita. Ugonjwa unaua zile seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, na dopamini ndio inayoupa mwendo ukubwa wake. Mpaka mkono unaanza kutetemeka sehemu kubwa ya seli hizo zimeshakufa, na hapo ndipo watafiti wanapohangaika, wanataka kumkuta mtu mapema zaidi.

Tuje kwenye sindano ya mgongo, maana naona ndio inakutoa roho. Inapita chini kiunoni. Uti wenyewe unaishia juu zaidi ya hapo, panapobaki ni mishipa ya fahamu inayoelea kwenye maji, na sindano inachota yale maji, kama mililita 15 mpaka 20, kijiko kikubwa kimoja na kitu. Mwili unatengeneza kama nusu lita kwa siku, kwahiyo kilichochotwa kinarudi ndani ya saa moja hivi. Kupooza sio kitu cha kutegemea hapo. Shida inayowapata baadhi ya watu ni kichwa kuuma wakisimama, kinaweza kudumu siku kadhaa, akilala kinapoa, na kisipoacha anarudi kwa waliomchoma wamshughulikie. Maumivu ya kiuno pia yapo. Kama baba anatumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima aseme kabla. Na wewe mwenyewe umeniandikia ni "kwa atakayekubali", maana yake anaweza kutoa damu, kunusa, kutembea, na sindano akaikataa, hakuna atakayemfukuza.

Ila ngoja nikwambie yale maji yamefanya nini, maana ukijua utamuelewa baba. Mwaka 1997 watafiti waligundua kupitia familia za Italia na Ugiriki zenye Parkinson nyingi kwamba jeni moja inayotengeneza protini iitwayo alfa-sinukleini ilikuwa na hitilafu, na muda si mrefu ikaonekana ni protini hiyo hiyo inayojikusanya mabonge kwenye seli za ubongo za wagonjwa. Sasa unaipimaje kwa mtu aliye hai? Kuna utafiti mkubwa unaitwa PPMI, ulianza 2010 kwa ufadhili wa mfuko wa Michael J. Fox, yule muigizaji aliyeambiwa ana Parkinson akiwa na miaka 29. Watu walikubali kulala kiubavu wakachotwa maji, mwaka baada ya mwaka, wengine wagonjwa, wengine wazima, wengine hawajaanza kuumwa. Mwaka 2023 yakatoka majibu ya kipimo cha maji hayo kwa watu zaidi ya 1,100, kipimo kikawa kinaitambua ile protini kwa karibu 88 katika kila wagonjwa 100, na kwa waliopoteza uwezo wa kunusa kikawa hakikosei karibu kabisa. Kabla ya hapo daktari alikuwa anategemea zaidi macho yake na nyundo ya goti. Wale waliochotwa maji 2010 hawakupata faida yoyote siku ile zaidi ya plasta mgongoni.

Na hicho kidonge anachomeza baba asubuhi akafunguka, nacho kina watu wake. Mwanasayansi wa Sweden, Arvid Carlsson, alionyesha mwaka 1957 kwamba sungura waliolegezwa kwa dawa wakaacha kujongea wanaamka wakipewa levodopa, kitu ambacho ubongo unakigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1961 kule Vienna wakatoa ripoti ya wagonjwa waliodungwa levodopa mshipani, watu waliokuwa hawawezi kukaa kitandani wakakaa, waliokuwa hawawezi kusimama wakasimama, kwa saa chache tu kisha ikaisha. 1967 daktari George Cotzias akaonyesha ukiimeza na kupandisha dozi kidogo kidogo inafanya kazi. Hebu mfikirie yule wa kwanza Vienna aliyenyoosha mkono bila kujua kitakachotokea. Mikono ya baba yako ilishona miaka kadhaa zaidi kwa sababu yake.

Sasa wewe na huo uzima wako, na swali lako la "wananitakia nini".

Kuna mama mmoja wa Scotland anaitwa Joy Milne, nesi mstaafu, alikuwa ananusa harufu fulani kwa mume wake miaka mingi kabla mume hajaambiwa ana Parkinson. Baadae akaja kuinusa harufu ile ile kwa wagonjwa wengine waliokutana pamoja. Watafiti wa Edinburgh wakamjaribu kwa fulana 12, sita zimevaliwa na wagonjwa, sita na wazima, fulana tu, zimelaliwa zimefungwa. Akawataja wagonjwa wote sita, ila akamtaja na mtu mmoja wa upande wa wazima. Wakasema hapa mama umekosea. Miezi nane baadae yule "mzima" akawajulisha kwamba na yeye ameambiwa ana Parkinson. Kutokea hapo watafiti wa Manchester wakaanza kuchunguza mafuta ya ngozi kama yanaweza kutumika kupima ugonjwa. Bila wale sita waliokubali kuvaa fulana wakijijua hawaumwi kitu kusingekuwa na cha kulinganisha, na stori yote isingekuwepo.

Ndio kazi ya mtu asiyeumwa kwenye utafiti mwanangu. Akikosekana, mgonjwa anapimwa na nini? Mimi nilikubali kuwa upande wa wazima pale pale alipokuwa kaka. Walinipa vijitabu vya kunusa, unakwaruza kipande kwa penseli, unanusa, unachagua jibu moja kati ya manne, vipande 40. Kaka alikuwa chumba cha pili anafanya hivyo hivyo na akatoka ananiambia dada vingi havikuwa na harufu kabisa. Nilivyomuangalia nikagundua kwamba kumbe miaka yote aliyokuwa anasema chakula hakina ladha hakuwa anatafuta ugomvi na mkewe.

Suala la jeni ndio zito na hapo nakubaliana na wewe usimame kwanza. Kwa wagonjwa walio wengi hakuna jeni moja unayoweza kusema hii ndio iliyosababisha. Zipo zinazoongeza uwezekano, kama LRRK2 na GBA1, na kuongeza uwezekano sio hukumu, wapo wengi wanaozibeba wakazeeka salama. Na kuna jambo hapa linanigusa. Miaka yote tafiti za jeni za Parkinson zilijaa watu wenye asili ya Ulaya, mpaka 2023 ndio ukatoka utafiti mkubwa wa watu wenye asili ya Afrika, Nigeria ikiwa kiini chake, wakakuta badiliko kwenye GBA1 ambalo kwa watu wa Ulaya karibu halipo. Mwenye nakala moja uwezekano wake ni kama mara moja na nusu, mwenye mbili mara tatu na nusu hivi. Badiliko hilo lilikuwa ndani ya watu siku zote, ila hakuna aliyewatafuta, na dawa inayotengenezwa kwa kuangalia damu ya watu wa upande mmoja inaweza ikawapita wengine pembeni. Kwahiyo mzee anaposema damu yake ifanye kazi, hajasema kitu kidogo.

Lakini wewe una haki ya kutokujua. Kabla hujatoa damu uliza, je majibu ya jeni nitaambiwa au hayatolewi, nikisema sitaki mtaheshimu, kuna mshauri wa masuala ya jeni wa kukaa na mimi kabla na baada, na jina langu litakaa wapi. Uliza na hili, majibu ya baba yakija nyumbani yataniambia kitu kuhusu mimi hata kama sijapimwa? Ukijibiwa vizuri ukaona moyo umetulia, nenda. Usipotulia kataa sehemu ya jeni, au kataa yote, na usijione umemsaliti baba.

Sasa huyu mdogo wako. Mpende lakini mrekebishe mapema kabla matumaini hayajamjaa baba. Utafiti sio tiba. Kidonge kisicho na kitu kipo kwa sababu maalum, kwenye Parkinson matumaini peke yake yanausogeza mwili. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mgonjwa aliyepewa dawa tupu akiamini ni dawa, ubongo wake ulimwaga dopamini ya kweli. Sasa bila kulinganisha utajuaje dawa ni nzuri au ni imani imefanya kazi? Isradipine, dawa ya presha, ilijaribiwa kwa watu 336 kwa miaka mitatu, majibu ya 2020 yakasema haipunguzi kasi ya ugonjwa. Exenatide, ya kisukari, mwaka 2017 kwenye utafiti mdogo ilitoa dalili nzuri mpaka watu wakaanza kusherehekea, kwenye utafiti mkubwa zaidi wa watu 194 majibu yakatoka 2025, hakuna tofauti na dawa tupu. Watu wale 194 walijichoma sindano kila wiki karibu miaka miwili. Mimi naona wametuokoa, la sivyo sasa hivi mdogo wako angekuwa anauza vitu atafute exenatide.

Na ipo iliyonitoa machozi. Bristol, Uingereza, watu 41 walitobolewa fuvu wakawekewa mirija midogo ya kupitisha GDNF, protini ya kuzisaidia seli za ubongo, moja kwa moja ubongoni. Majibu ya 2019 yakasema lengo kuu halikufikiwa, ila baadhi ya wale watu walijiona wamebadilika na wakaomba waendelee kupewa. Hawakupewa. Ndio maana ikifika zamu ya dawa mpya kwa baba, mkiwa mmekaa na watafiti ulizeni utafiti ukiisha na dawa ikawa inamsaidia itakuwaje, dawa zake za kawaida anaendelea nazo au hapana, akiumia kwa sababu ya utafiti nani anagharamia, na majibu ya mwisho mtaambiwa au mtayasoma na watu wengine. Hilo la mwisho lisimamieni. Kaka yangu kwenye ule utafiti wa pili hakuambiwa chochote, hata barua ya asante, alikufa akiwa bado ananiuliza "dada, wale watu walipata nini?" na mimi sina jibu.

Mwambie pia mdogo wako awe macho na wauzaji. Mtu akikwambia lipa ndio uingie kwenye utafiti, lipia hizo seli shina zitakazofufua ubongo, kimbia. Utafiti wa kweli haumuuzii mgonjwa dawa inayojaribiwa, mara nyingi wao ndio wanarudisha nauli. Una namba ya usajili unayoweza kuitafuta, una kamati ya maadili yenye simu inayopokelewa, na una mtu anayekubali uende nyumbani na fomu ukalale nayo. Huyo wa baba alimpa bahasha akaondoka nayo, hiyo ni dalili nzuri.

Ukishamrudishia kaeni nyie wote wanne na mama, mmoja asome kwa sauti, baba asimamishe pale asipoelewa na muandike maswali pembeni. Mtachukua jioni mbili, sio moja, kurasa 14 ni nyingi na yeye anachoka. Akisema bado anataka, wewe ndio uende nae, wewe uliyeogopa, kwa sababu utauliza ambayo mwenye furaha hatauliza.

Na kama bahasha imekunjamana huko chini ya mashuka aombe fomu nyingine. Pale pa kusaini mchoree kwa penseli mistari miwili, mmoja juu mmoja chini, umwambie ajaze nafasi yote taratibu. Mkono wenye Parkinson ukipata mstari wa kufuata mara nyingi unaandika kubwa zaidi, kaka yangu tulikuwa tunamchorea hivyo hivyo. Asaini asubuhi dawa ikiwa imeshashika, huenda na ule mkia ukarudi.

Shangazi